Ulipofuata Maziwa Yako Mpaka Muleba

Kwako Taata, baba yangu,

Leo asubuhi nilikuwa nafua, Projest akapiga simu kutoka Izimbya. Amesema ng'ombe wako Bihogo ana mimba ya miezi saba tena, na bwana mifugo amemwambia aanze kumkausha. Kaka yangu alitaka tu kujua kama nahitaji maziwa kabla hajaacha kukamua. Nikamjibu sihitaji, nikamshukuru, nikakata simu. Baada ya hapo mikono ilikataa kazi. Nguo nimeziacha kwenye beseni, nimechukua daftari la mjukuu wako, na sasa nakuandikia wewe ambaye hukupenda barua hata siku moja. Ulikuwa ukisema mwenye neno alete miguu. Taata, miguu yangu haifiki uliko.

Mengi ya haya unayajua, kwa kuwa uliyapitia mwenyewe. Nayarudia kwa sababu kuna mahali nilinyamaza, na nilinyamaza vibaya. Siwezi kufika hapo bila kuanzia mwanzo.

Wewe ndiye uliyenifundisha kukamua. Nilikuwa darasa la tatu, na vidole vyangu vilikuwa vifupi, ukaniambia nisivute, nibane kama mtu anayemshika mtoto mkono barabarani. Kikombe cha kwanza hatukunywa sisi. Ulinituma nikipeleke kwa bibi mjane aliyekaa mwisho wa kibanja chetu cha migomba, na ulinifuata kwa macho mpaka nifike, nisije nikaonja njiani. Mama alilalamika kwamba watoto wako wanakunywa cha pili. Ukamjibu, "Watoto wangu wana meno. Yule hana." Hayo ndiyo yaliyokuwa mahubiri yako, na wala hukujua kama ni mahubiri.

Halafu nikakua, nikampata Elieza. Fundi seremala wa Muleba, mtu wa maneno machache, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri. Uliponiuliza tutafungia ndoa kanisa gani nikakuambia ukweli, kwamba ni kwao, si kwetu Wakatoliki, ukaweka chini kikombe chako cha kahawa. Ukasema, "Ukiingia mlango ule, usinitafute." Niliingia mlango ule, Taata. Kwenye viti vya upande wetu walikaa shangazi wawili na Projest. Mama alibaki nyumbani kwa ajili yako, akaniletea vitenge vyake wiki iliyofuata kwa siri. Miaka tisa ikapita. Tulipomzika Mama tulipeana mikono mimi na wewe kama watu waliokutana ofisini. Ulimpita Elieza bila kuitikia salamu yake. Wajukuu zako wawili uliwatazama viatu.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa kati yetu siku Projest aliponipigia na kusema, "Koleta, Taata hamezi tena."

Walikuwa wametoka nawe Mwanza. Daktari alisema ni umio, na kwamba uvimbe umekwenda mbali, hawatakupasua. Ugali ulikuwa umekushinda, ndizi zilikushinda hata zikipondwa, uji ulipita siku nyingine na siku nyingine ukarudi. Maziwa tu ndiyo yaliyopita. Nayo si maziwa yoyote. Ya boksi uliyanywa mara moja, ukakohoa mpaka machozi, ukasema hayana ng'ombe. Ya jirani uliyakataa kwa sababu hujui ng'ombe wake amekula nini. Ulitaka ya Bihogo, uliyemlea tangu ndama na kumkatia majani kwa mkono wako. Mke wa Projest, wifi yangu Devota, alikuwa anakuchemshia, na wewe ulikuwa unakunywa kidogo kidogo ukiwa umekaa kwenye kigoda karibu na banda, ng'ombe akikutazama.

Siku niliyofika nyumbani nilimkuta bwana mifugo uani. Alikuwa amemaliza kumpima Bihogo, ananawa mikono.

"Mzee," alikuambia, "huyu ana miezi saba. Wiki tatu hizi umpunguze, halafu uache kabisa. Ukiendelea kumkamua atazaa akiwa hana nguvu, na ndama hatapata maziwa ya kwanza ya kumkinga."

Projest alikuwa amesimama na ndoo mkononi. "Bwana, baba yangu atakula nini miezi miwili? Huoni shingo yake? Tutakamua mpaka siku ya kuzaa. Ndama akifa, na afe."

Ulikuwa umeinamisha kichwa, tukadhani umesinzia. Ukanyanyua mkono.

"Projest. Mimi sinywi maziwa ya mtoto aliye tumboni."

"Taata, ni ndama tu."

"Ndiyo, ni ndama. Mimi nimekwisha kunywa ya kwangu."

Bwana mifugo alijifanya anafunga mkoba wake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jiko, mgeni katika nyumba niliyozaliwa, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Yagandishwe."

Wote waligeuka isipokuwa wewe.

"Kila siku yanabaki maziwa baada ya Taata kunywa," nikasema. "Mnayauza. Msiyauze. Mimi nina friza Muleba, ile ninayogandishia barafu za watoto wa shule. Nileteeni, nitayagandisha. Yatamfikisha mpaka Bihogo azae."

Nilikuwa hatua tatu kutoka ulipokaa. Ukamuuliza Projest, "Amesema nini?"

"Amesema yakigandishwa hayaharibiki."

"Na mimi nitayatafuna kama jiwe?"

"Yanayeyushwa, Taata," nikakujibu mwenyewe.

Kisha ukauliza, bado ukimtazama Projest, "Na hiyo friza iko nyumba ya nani?"

Kila mmoja pale alijua iko nyumba ya nani. Na maziwa yakishayeyuka hayarudi tena kwenye friza, lazima yanywewe siku hiyo au kesho yake, kwa hiyo kuyasafirisha kila siku mpaka Izimbya kwa barabara ile isingewezekana. Anayeyataka angelazimika kuyafuata. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Ulinyanyuka ukaenda kumkuna Bihogo shingoni. Devota akaninong'oneza nianze tu kutafuta chupa.

Sikukusimulia nilivyohangaika, Taata, kwa sababu nilitaka uone kama najua kazi. Sikujua. Devota alichemsha maziwa, akayapoza kwenye beseni la maji ya kisima, akayatuma kwa gari la abiria la asubuhi, na Elieza akayapokea stendi. Chupa ya kwanza ilikuwa ya kioo, niliijaza mpaka shingoni. Kesho yake niliikuta imepasuka, maziwa yamesimama peke yake yana umbo la chupa na vioo vimeyazunguka. Nililia kama mtu aliyevunja kitu cha kanisani. Ndipo nikajua maziwa yakiganda huvimba, lazima uyaachie nafasi ya vidole vitatu juu. Nikahamia chupa za plastiki za maji, nikaziosha kwa maji ya moto na kuzianika. Nikaandika tarehe kwenye karatasi na kuibandika kwa gundi ya Elieza.

Nilipoyeyusha ya kujaribia nikakata tamaa tena. Yalikuwa na rangi ya manjano kidogo, na mafuta yamejitenga vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Jirani alichungulia akasema nimwage. Elieza aliyaonja, akatikisa kichwa. "Hayajaharibika. Yameachana tu." Alikwenda karakana kwake akarudi na kipekecho alichokichonga muda uleule. Nikayapasha moto polepole, nikayapekecha, yakarudiana. Kuanzia hapo nikajua njia. Chupa ya kesho inashushwa leo kutoka friza hadi ndani ya friji, iyeyuke taratibu, siyo kuachwa mezani kwenye joto. Wiki tatu zilipokwisha nilikuwa nimejaza friza hadi mfuniko unafungwa kwa kubanwa, na barafu za watoto wa shule zikawa hazina pa kukaa.

Ulifika Jumamosi mchana. Projest alikushika mkono kutoka kwenye gari. Ulikuwa umevaa koti lako la Ekaristi na kofia, na umekonda kiasi kwamba koti lilikuja kabla yako. Ulisimama mlangoni, hukuvuka.

"Sijaja kwako, Koleta," ulisema. "Nimefuata maziwa yangu."

Elieza ndiye aliyetoka nyuma yangu, akainama kukuamkia kama mlivyozoea huko, akasema, "Kasinge waitu. Karibu, Taata. Maziwa yako yapo yote."

Hukumwitikia. Lakini uliingia. Uliomba uoneshwe friza kabla ya kuoneshwa kitanda.

Hapo ndipo nilipokuona ukibadilika. Niliinua mfuniko, moshi wa baridi ukatoka, ukaziona chupa zimepangwa safu juu ya safu. Ulichukua moja kwa mikono miwili. Ukaniuliza imeandikwa nini, kwa sababu miwani ilibaki Izimbya. Nikakusomea siku na tarehe.

"Jumatano ile," ukasema. "Mvua ilinyesha, Projest akachelewa na majani. Bihogo alikula maganda ya ndizi tu. Hii itakuwa nyepesi."

Ukachukua nyingine. Nikakusomea. "Hii alikula matembele. Hii nzuri. Tuiweke ya Jumapili."

Tulisimama pale, Taata, baridi ikitoka yote, na mimi sikuthubutu kukuambia nifunge. Ulikuwa unazungumza nami. Ulikuwa unaniuliza, mimi najibu, na katikati yetu hakukuwa na Projest wa kutafsiri.

Ulikaa kwetu kama mgeni wa serikali. Ulikula peke yako, kama kunywa kunaitwa kula. Ulisali rozari barazani, na Elieza akamaliza sala zake chumbani ili asikukwaze. Wajukuu ulianza kuwaita kwa majina wiki ya pili. Elieza ulimwita "fundi". "Mwambie fundi kitanda hiki kinalia." "Mwambie fundi mlango wa choo umepinda." Naye alirekebisha, na mimi nilipokea maagizo na kuyapeleka kutoka chumba kimoja hadi kingine, huku nyumba yenyewe ni ya vyumba vitatu.

Kisha transfoma ikaungua. Siku ya kwanza hatukujali. Sikufungua friza hata mara moja. Niliifunika mablanketi kwa nje, na chupa za siku ile nilikuwa nimeshazishusha mapema. Siku ya pili watu wa umeme wakasema kifaa kinatoka Bukoba. Siku ya tatu asubuhi niliingiza mkono nikakuta chupa za juu zinacheza, maziwa yameyeyuka. Nilikaa sakafuni. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu na fimbo yako, umeziona.

"Basi," ukasema. Hilo tu.

Elieza alikwenda mbio karakana. Alimwaga magunia mawili ya unga wa mbao, akayafunga matupu kwenye pikipiki, akaenda mwaloni, wanakoshushia samaki ziwani. Wanaonunua samaki wana barafu. Alikwenda mara ya kwanza wakamnyima, wakisema ni ya samaki. Akarudi mara ya pili na kiti alichokuwa amemtengenezea mteja mwingine, akakibadilisha na barafu. Alirudi jua kali likiwaka, maji yanamtiririka mgongoni, magunia yananuka sangara nyumba nzima. Akapanga mabonge kati ya chupa, akashindilia unga wa mbao juu, akapumzika dakika chache, akaenda tena. Safari tatu siku moja. Wewe ulihamisha kiti chako ukakaa pale ukimtazama.

Aliporudi mara ya mwisho, ukanyanyua fimbo ukamwonesha kigoda kilichokuwa karibu nawe.

"Elieza," ukasema. "Kaa."

Akakaa. Mkakaa pamoja, yeye anatoa unga wa mbao kwenye nywele. Mimi nilikwenda jikoni kwa sababu sikutaka mnione. Miaka tisa hukuwahi kulitaja jina lile.

Umeme ulirudi jioni yake. Tulikuwa tumepoteza chupa zote za juu, karibu nusu. Nyingine nilizifanya mtindi, nyingine nikawagawia majirani waliokuwa na watoto, zichemshwe siku ileile. Nikahesabu zilizobaki na siku zilizobaki mpaka Bihogo azae, na hazikukutana.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Nilikwenda Ijumbi kwa Mama Jeska, mjane wa usharika wetu mwenye ng'ombe mmoja mweusi, nikapatana naye maziwa ya kila siku. Niliyatia kwenye chupa za Bihogo zenye tarehe za Bihogo. Nilikupa asubuhi, nikakupa mchana, nikakuambia ni ya siku fulani, na wewe ukafunga macho ukanywa. Siku tisa nilikudanganya. Nilijiambia mgonjwa hadanganywi, anasaidiwa. Nilijiambia ukijua utaacha kunywa, na ukiacha utakufa kwangu, na watu watasema ulikufia nyumba uliyoikataa. Unaona, Taata, woga wangu haukuwa wote kwa ajili yako.

Siku ya kumi ulifanya ishara ya msalaba juu ya bilauri, ukasali kwa sauti. Ulimshukuru Mungu kwa ajili ya Bihogo, ukamtaja kwa jina, ukaomba azae salama. Nilishindwa. Nilipiga magoti palepale.

"Taata, hayo si ya Bihogo."

Ulibaki na bilauri mkononi.

"Ya Bihogo ni machache, nilikuwa nayabakiza. Haya ni ya ng'ombe wa mama mmoja wa Ijumbi. Tangu umeme urudi."

"Siku ngapi?"

"Leo ya kumi."

Nilisubiri uiweke chini kama ulivyoweka kikombe cha kahawa mwaka ule. Uliyatazama maziwa kwa muda mrefu.

"Na hayakunidhuru," ukasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe. Halafu, "Huyo mama anaitwa nani?"

"Mama Jeska."

"Anajua kwamba ananilisha?"

"Anajua nina mgonjwa."

"Siku kumi mtu ananilisha na sijamwambia wakola, hata asante moja." Ukamaliza bilauri. "Nitafutie gari."

Nilikukatalia, Elieza akakukatalia, daktari angekukataza. Ulikwisha kuvaa koti. Tulikodi bajaji, tukakuegemeza kwenye mto, tukaenda Ijumbi polepole, mimi nimekushika bega kila palipokuwa na shimo. Mama Jeska alitoka na mikono yenye udongo, akashtuka kuona mzee wa watu na koti la Jumapili kwenye kibanja chake.

"Kasinge, waitu," akapiga goti.

Ulimzuia. "Usipige goti, mama. Mimi ndiye niliyekuja kushukuru. Nimekunywa kwako siku kumi bila kubisha hodi."

Akasema si kitu, maziwa ni ya Mungu. Ukamjibu, "Ni ya Mungu, lakini anayeamka kukamua ni wewe." Kisha ukaomba umwone ng'ombe. Ulishika ubao wa banda, pumzi zako zikisikika, ukamkagua kuanzia pembe mpaka kwato, ukamwambia mwenye ng'ombe kwamba ukwato wa nyuma kushoto umerefuka, ukatwe kabla hajachechemea. Mama Jeska alikuwa anaandika kichwani kila neno. Nilikuona tena ulivyokuwa zamani, mtu anayeulizwa mambo.

Mahali niliponyamaza ni tulipokuwa tunarudi. Dereva alikuwa amepunguza mwendo kwenye kona, na wewe ulikuwa unatazama nje, migomba inapita. Ulizungumza kwa Kihaya, chinichini, nikalazimika kuinama.

"Siku ya harusi yako nilikamua mwenyewe," ulisema. "Nilijaza dumu. Nikavaa koti hili. Nikapanda gari mpaka Muleba, nikashuka njia panda, nikasikia nyimbo zenu kutoka pale. Nikasimama mpaka nyimbo zikaisha. Maziwa nikampa mama aliyekuwa anauza maembe, nikarudi."

Taata, nilikusikia. Kila neno nililisikia. Na nilifanya nini? Nilinyoosha mkono nikakufunga kola ya koti. Nikasema, "Upepo unaingia." Ulinitazama kidogo, ukaitika kwa kichwa, ukageukia migomba. Hatukulizungumza tena jambo hilo. Nilidhani kesho ipo. Nilikuwa natafuta maneno mazuri, na ya kawaida hayakunijia.

Siku nne baadaye Projest alipiga simu anacheka na kulia. Bihogo amezaa, jike, kahawia kama mama yake, amesimama mwenyewe kabla ya jua kuwa kali. Ulisema unakwenda nyumbani. Sikubishana. Nilikufungashia chupa zote za Bihogo zilizobaki kwenye ndoo yenye barafu na unga wa mbao, na Elieza akakubeba mpaka kwenye gari mikononi mwake, kwa maana miguu ilikuwa imekataa. Ulimshika shingo. Nilisikia ukimwambia, "Wakola, mkwe wangu." Yeye hajawahi kunieleza alijibu nini, na mimi sikumuuliza.

Ulikaa siku sita Izimbya. Devota ananiambia walikuwekea kitanda karibu na dirisha linalotazama banda, na ulimwona ndama akinyonya mpaka akashiba na kuanguka usingizini. Hakuna aliyemkamua Bihogo siku zile. Ulikunywa ya chupa, vijiko vichache. Siku ya sita, baada ya Padri kukupaka mafuta, ukageukia ukutani ukalala, na hukuamka.

Jeneza lako alilitengeneza Elieza. Projest ndiye aliyemwomba. Alitumia mbao za mhumula alizokuwa amezihifadhi kwa kazi ya mtu mkubwa, akapiga randa siku nzima na watu wa usharika wake wakaja kumsaidia kubeba. Chupa zilizosalia za Bihogo tulizitia kwenye chai ya waliochimba kaburi. Walikunywa wakasema ni chai nzuri, hawakujua wanakunywa nini, nasi hatukuwaambia.

Baada ya matanga, ukoo ulipokaa, Projest alisimama akasema uliacha neno moja tu kuhusu mifugo. Ndama wa Bihogo ni wa Elieza. Shangazi mmoja aliguna. Elieza aliinamisha uso kwenye viganja vyake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona mabega yanamtikisika. Ndama yupo hapa nyuma ya karakana sasa. Amekuwa mtamba mzuri. Elieza humkatia majani mwenyewe kabla hajagusa msumeno, na watu wakimuuliza amemnunua wapi, husema, "Nilipewa na baba mkwe." Anapenda kuulizwa, naona.

Mimi nimerudia barafu za watoto wa shule. Pembeni ninawagandishia maziwa akina mama wawili wanaouguza, maana habari ilienea, nao huja na chupa zao. Nawaambia waache nafasi juu. Nawaambia wachemshe kwanza. Ni kazi ndogo, na inanisaidia siku ambazo nakukumbuka vibaya.

Lakini lile la kwenye bajaji bado liko kifuani mwangu. Kwa hiyo nakujibu leo, nimechelewa, kwa maneno ya kawaida, kwa kuwa mazuri hayakuja.

Nyimbo zilipokwisha siku ile, Taata, wageni waliondoka mapema kwa sababu ya mvua iliyokuwa inajikusanya. Elieza alivua koti la harusi akaanza kubeba mabenchi. Mimi sikuingia ndani. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa na gauni langu, viatu nimevua, naitazama barabara inayotoka njia panda. Walinifuata mara tatu waniingize, nikawaambia bado kidogo. Nilikuwa nakungoja wewe. Ungetembea hatua mia mbili tu ungenikuta. Nisingekuuliza ulikuwa wapi wala mbona umechelewa. Ningelipokea dumu, ningepiga goti, na sisi wachache tuliobaki tungekunywa, wewe wa kwanza.

Lala kwa amani uliko, na umsalimie Mama.

Ni mimi mwanao,
Koleta, mke wa fundi